Sura ya Sita: Fremu Ni Wakfu

Kusi ikishika, Kizingo nzima huonja chumvi. Kuanzia mwezi wa nne hadi karibu na mwezi wa tisa upepo hutoka kusini, hupiga mawimbi kwenye miamba ya Ras Serani, ukabeba unyunyu hadi juu ya barabara ya Mama Ngina, ukapenya kati ya mibuyu na kuingia barazani mwa watu. Bawaba za milango hulia. Vyuma vya madirisha huvimba chini ya rangi. Spana ukiisahau nje usiku mmoja wa Julai, asubuhi waikuta imeota unga wa rangi ya chai.

Katika mtaa huu nilichukua fremu ya chuma iliyoundwa Uingereza miaka mingi iliyopita, baiskeli ya mbio ya zama za baba zetu, nikaivika gia, breki na magurudumu ya leo. Majirani waliopita langoni waliniuliza swali moja: mbona chuma, mahali ambapo bahari inakula chuma? Sura hii ni jibu langu. Nimelipanga kama kazi yenyewe ilivyokwenda: kuchagua, kufungua, kupima, kuunga, na kutunza.

Chuma kilichoshuka bandarini

Baiskeli za mtumba huingia Mombasa kama nguo za mtumba zinavyoingia: ndani ya makontena, zimelaliana, pedali ya moja imechoma spoki za nyingine. Nyingi ni za watoto na za milimani. Ile niliyoiona ilining'inia nyuma kabisa, haina tairi, rimu zake za chuma kilichopakwa kromu zimeshaliwa, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo. Nilipoinyanyua kwa mkono mmoja nilishangaa wepesi wake. Nikapangusa vumbi kwenye bomba linaloshika kiti, nikasoma kibandiko kidogo chenye jina Reynolds na tarakimu tatu: 531.

Tarakimu hizo zina historia. Reynolds ni watengenezaji wa mabomba wa Birmingham. Mwaka 1897 walisajili hataza ya bomba ambalo ncha zake ni nene na katikati yake ni jembamba. Maana yake ni hii: fremu huumia zaidi pale bomba linapoungana na bomba lenzake, kwa hiyo hapo ndipo penye kuhitaji unene, katikati chuma cha ziada ni mzigo mtupu. Mwaka 1935 wakatoa chuma chenyewe cha 531, mchanganyiko wenye manganizi na molibdenamu. Kwa miaka mingi waendeshaji wakubwa wa Ulaya walishindana juu ya mabomba hayo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Chuma cha bei rahisi na chuma cha bei ghali vina ugumu ulio karibu sawa: mabomba mawili yenye kipimo kimoja, ukiyabebesha mzigo mmoja, hupinda kiasi kimoja. Tofauti iko katika mzigo ambao chuma kinaweza kuvumilia kabla hakijakunjika na kubaki kimekunjika. Chuma chenye nguvu kinaweza kutengenezwa kikiwa chembamba na bado kikahimili. Wepesi wa fremu nzuri hutoka hapo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na chuma cha aina ya pili, kile kinene. Black Mamba, baiskeli nyeusi kubwa za Kihindi na Kichina kama Hero, Avon na Phoenix, zilijengwa kwa kufuata mfano wa Raleigh ya Nottingham, kampuni iliyoanza miaka ya 1880. Raleigh ilijitangaza duniani kwa sifa ya chuma kitupu. Bango lake mashuhuri lilimchora kijana wa Kiafrika akimkimbia simba, baiskeli ikimwokoa. Baiskeli hizo zimebeba magunia ya mkaa, madebe ya maji, mikate, wagonjwa na maharusi, na bado zinabeba. Sizidharau hata kidogo. Lakini fremu ya mbio ni ndugu wa mama mwingine: imeundwa kwa chuma kilichopunguzwa hadi mahali ambapo kupunguza zaidi kungekuwa hatari.

Vibandiko huchapishwa, na mtu anaweza kubandika chochote. Kwa hiyo nikatafuta ushahidi usiodanganya, na ushahidi huo uko katika tundu la nguzo ya kiti. Bomba la kiti la fremu nyingi za mbio za Kiingereza lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Fremu yangu ilitaka nguzo ya milimita 27.2. Toa hiyo katika hiyo: inabaki milimita 1.4, na ukigawanya pande mbili unapata ukuta wa kiasi cha milimita 0.7. Kama nguzo ingekuwa ya 25.4, ukuta ungekuwa wa milimita 1.6, na hapo ningejua nimeshika chuma cha kawaida chenye kibandiko cha uongo. Msomaji anayetaka kununua aende na kipimo cha vernia mfukoni. Kitamlinda kuliko maneno ya muuzaji.

Kisha nikapitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo ya usukani. Fremu iliyowahi kugongana uso kwa uso huacha mkunjo hapo, wimbi dogo ambalo macho hulipita lakini kidole hulihisi. Rangi iliyopasuka kwa mviringo mahali hapo ni dalili ile ile. Mwisho nikamulika tochi ndani ya tundu la kranki, chini kabisa, ambako maji yote yanayoingia kwenye fremu huishia. Kulikuwa na kutu ya juu juu, ya unga, si ya magamba. Nikalipa.

Barafu ya wauza samaki

Kazi ya kwanza ilikuwa kufungua, na kazi ya kwanza ilikataa. Nguzo ya kiti ilikuwa ya alumini ndani ya bomba la chuma, na kwa miaka mingi hakuna aliyeigusa. Metali mbili tofauti zikigusana mbele ya maji ya chumvi hugeuka kuwa kama betri ndogo: umeme mdogo hupita kati yake, na ile dhaifu huliwa. Kati ya alumini na chuma, inayoliwa ni alumini. Unga wake mweupe una ujazo mkubwa kuliko metali iliyouzaa, kwa hiyo hujaza kila nafasi na kuikaba nguzo kama zege.

Nikaibeba fremu hadi kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, kwa fundi mmoja mzee ambaye baraza lake ni nyumba ya minyororo na matairi. Nilikuwa na mtungi mdogo wa gesi, nimejiandaa kwa moto.

"Asalaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Na huo moto wa nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ondoa moto. Alumini ikipata joto yazidi kunona kuliko chuma. Utaibana zaidi. Nenda kwa wauza samaki, kalete barafu."

Fundi yule hakusoma fizikia shuleni, lakini aliyoyasema ndiyo yaliyomo vitabuni. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na kwa kipimo hicho hicho hunywea zaidi kwenye baridi. Tuliigeuza fremu miguu juu, tukamimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la kranki, tukaiacha siku tatu. Siku ya nne tukaisimamisha, tukajaza barafu iliyopondwa ndani ya nguzo yenyewe, ambayo ni tupu kama mwanzi, tukasubiri mpaka nje yake ikatoa jasho. Kichwa cha nguzo tukakibana kwenye jiriwa. Kisha, badala ya kuzungusha nguzo, tukazungusha fremu nzima, kwa sababu fremu ni wenzo mrefu na nguvu yake inagawanyika taratibu. Ilipolegea ilitoa sauti kama mlango wa zamani. Nguzo ilitoka na doa jeupe urefu wa kiganja.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo baiskeli nyingi nzuri hufia. Mtu huleta nyundo, au moto, au msumeno, fremu iliyovuka bahari ikiwa nzima ikavunjwa na haraka ya nusu saa. Anayeishi karibu na bahari apake grisi kila mahali alumini inapokutana na chuma, na walau mara moja kwa mwaka aitoe nguzo, aifute, aipake tena.

Kipimo kabla ya nguvu

Kuunganisha vipuri vya leo na fremu ya jana ni mashauri ya milimita. Fremu haijui mwaka ilipotengenezwa; inajua upana, kipenyo na hesi. Vitu hivyo vikikubaliana, umri si kitu.

Nikaanza na masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu. Baiskeli za mbio za zamani za gia tano nyuma zilikuwa na nafasi ya milimita 120 kati ya sikio na sikio. Za gia sita na saba zikapanda hadi 126. Magurudumu ya baadaye yenye breki za kubana rimu, ya gia nane hadi kumi na moja, yametulia kwenye 130. Fremu yangu ilipima 126, kwa hiyo nilihitaji milimita 4 tu, mbili kila upande.

Chuma kinaruhusu jambo hilo. Kaboni itapasuka, na alumini iliyokunjwa huweka ufa utakaojitokeza siku usiyoitarajia; usijaribu kamwe kuzipanua. Chuma kina tabia ya kukubali umbo jipya ukikiomba kwa utaratibu. Tulitumia fito ndefu ya hesi yenye nati na washa mbili, tukaiweka kati ya masikio, tukazungusha nati kwa robo robo. Chuma hurudi nyuma ukikiachilia, kwa hiyo unakisukuma kupita kidogo unapotaka, unaachilia, unapima, unarudia. Tulitumia saa nzima kwa milimita nne.

Baada ya hapo ukaja uzi. Fundi alifunga uzi kwenye sikio la kushoto, akaupeleka mbele, akauzungusha kwenye bomba la shingo ya usukani, akaurudisha hadi sikio la kulia na kuukaza. Kisha akapima kutoka uzi hadi bomba la kiti, upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vyetu vilitofautiana kwa milimita moja. Tukavuta upande mmoja kwa mkono hadi vikapatana. Hakuna mashine ya maelfu ya shilingi iliyohitajika, uzi wa mshoni ulitosha. Masikio nayo yakatazamwa kama yanatazamana sawasawa, maana sikio lililopinda huvunja ekseli kabla ya wakati.

Tundu la kranki lilinifundisha somo la hesi. Baiskeli nyingi za Kiingereza hutumia hesi 24 kwa inchi, na upana wa tundu ni milimita 68. Raleigh wao, kwa miaka mingi, walikuwa na kipimo chao wenyewe cha hesi 26 kwa inchi katika baiskeli nyingi walizounda Nottingham, na kikombe cha kawaida, kile kinachoshika gololi za kranki, ukikilazimisha humo kitaingia mizunguko miwili kisha kiharibu kila kitu. Weka rula juu ya hesi za kikombe cha zamani, uhesabu meno ndani ya inchi moja, kabla hujatia fedha mfukoni mwa mwenye duka. Mimi niliuziwa kikombe cha 26 nikiambiwa ni "saizi zote". Vipuri vya saizi zote katika baiskeli havipo.

La pili: kikombe cha upande wa cheni, katika kipimo cha Kiingereza, kina hesi ya kinyume. Hufunguliwa kwa kufuata saa. Sababu yake ni kwamba mzigo unaozunguka ndani ya kikombe hukisukuma taratibu kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa kranki. Hesi ya kinyume hufanya msukumo huo ukaze badala ya kulegeza. Asiyejua hili huweka bomba refu kwenye spana na kufunga kwa nguvu zake zote kile anachodhani anakifungua.

Mwisho ni magurudumu, na hapa msomaji wa Mombasa anahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu neno "inchi 28" dukani lina maana mbili. Tairi ya Black Mamba, ile ya 28 kwa 1½, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi ya kisasa iitwayo 700C, ambayo nayo huitwa 28, hukaa kwenye 622. Haziingiliani. Katikati yake kuna ya inchi 27, milimita 630, ambayo ndiyo baiskeli nyingi za mbio za Kiingereza za zamani zilivaa, na ambayo leo ni shida kuipata. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, si jina analolitaja muuzaji.

Nilichagua 622, kwa sababu ndiyo kipimo cha baiskeli za barabarani za leo na pia za milimani zinazoitwa 29, kwa hiyo rimu na tyubu zake zinapatikana. Kutoka 630 hadi 622 nusu kipenyo hupungua milimita 4. Raba za breki zilihitaji kushuka milimita 4 kuelekea katikati ya gurudumu ndipo ziishike rimu, basi nikatafuta breki za mikono mirefu, zenye kufika kati ya milimita 47 na 57. Nafasi iliyobaki juu ya tairi ikawa neema: niliweza kuvaa tairi pana ya milimita 32, inayolalia vizuri mashimo na changarawe bila kuumiza kiuno.

Cha leo kiingie wapi

Kuna watu wanaorudisha baiskeli ya kale kama ilivyotoka kiwandani, kila nati ya mwaka wake. Kazi yao ina heshima na makumbusho yanawahitaji. Mimi nilitaka baiskeli ya kupanda kila siku kati ya matatu na tuktuk, na hilo liliamua mengi.

Kwanza, mikono. Katika fremu za zamani vibadilisha gia vilikaa kwenye bomba la chini. Ili ubadilishe gia ulitoa mkono kwenye usukani, ukainama, ukatafuta mahali pake kwa hisia. Juu ya barabara tupu hilo linawezekana. Kwenye mzunguko wa magari karibu na Fort Jesus, tuktuk ikikukata mbele ghafla, mkono ulio mbali na breki ni ajali. Mwaka 1990 Shimano walitoa vishiko vinavyounganisha breki na gia mahali pamoja, na kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa zaidi ya kisasa katika baiskeli ya barabarani. Hukaa vizuri kwenye usukani wangu wa pembe za kondoo, na waya zake hupita kwenye vishikizo viwili vidogo nilivyofunga pale palipokuwa na vibadilishi vya kale. Sikutoboa wala kulehemu kitu.

Pili, breki. Rimu za chuma chenye kromu hung'aa dukani, lakini zikilowa maji ya masika raba huteleza juu yake kama mguu juu ya mwani. Rimu za alumini hushika mvua ikinyesha. Breki mpya zilihitaji bolti ndefu yenye nati ya nje, kwa sababu tundu la fremu ya zamani halina nafasi ya nati ya kisasa inayozama ndani. Tafuta breki za bolti hiyo. Usipanue tundu la daraja la nyuma, chuma cha hapo ni kidogo.

Tatu, gia. Nilitoa hesabu kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata: meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao ni kiasi cha mita 2.1. Jibu ni umbali unaoenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Mbele palikuwa na meno 52 na 42, nyuma kuanzia 14 hadi 24. Gia nzito kabisa ilienda mita 7.8, na nyepesi kabisa mita 3.7. Nikaweka gia moja tu ya mbele, meno 40, na tisa nyuma kuanzia 11 hadi 36. Nzito kabisa sasa ni mita 7.6, karibu sawa na ya zamani. Nyepesi kabisa ni mita 2.3.

Tofauti hiyo haionekani ukizunguka kisiwa, ambacho ni tambarare. Inaonekana ukivuka feri ya Likoni, ukashika njia ya kusini hadi Kombani, ukakata kulia kupanda Kwale. Barabara inatoka karibu na usawa wa bahari ikainuka mamia ya mita kuelekea vilima vya Shimba. Kwa gia za zamani kijana mwenye mapafu ya mbio atapanda. Mwenzake wa miaka hamsini atashuka na kusukuma. Kwa gia za leo wote wawili watafika juu wamekaa kitini. Mimi nasema baiskeli inayobeba rika mbili ni bora kuliko inayobeba moja.

Nne, gololi. Ndani ya kranki niliweka ekseli iliyofungiwa pamoja na gololi zake, isiyoingiza unyunyu. Za zamani, gololi huru ndani ya grisi, ni rahisi kusafisha lakini hapa Kizingo zilihitaji kufunguliwa mara kwa mara. Shingo ya usukani niliiacha ya asili, nikaipaka grisi mpya, nikahakikisha alama ya mwisho wa kuvuta juu imezama ndani.

Bahari haichoki

Sasa narudi kwenye swali la majirani. Chuma na bahari vitaishije pamoja?

Mji huu una jibu la karne nyingi. Majahazi yaliyotia nanga chini ya Mji wa Kale yalikuwa ya mbao na misumari ndani ya maji ya chumvi, na yaliishi kwa sababu ya ratiba: kupandishwa pwani, kukwanguliwa, kukalafatiwa kwa pamba, kupakwa mafuta ya sifa, kurudishwa majini. Hakuna nahodha aliyedhani kazi hiyo imekwisha. Baiskeli ya chuma hudai vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo sana.

Kutu ya kromu niliisugua kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Hutoa madoa bila kukwaruza. Kutu ya unga ilitoka kwa ndimu na brashi, kisha maji safi, kisha kukausha juani siku hiyo hiyo. Ndani ya mabomba nilimimina mafuta mazito, nikaigeuza fremu huku na huku hadi yakafika kila pembe, nikayaacha yadondoke. Rangi ya zamani niliihifadhi. Palipochubuka nilipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu iliyokaribiana. Tangu hapo, kila nikirudi kutoka Mama Ngina siku za kusi, huipangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, huikausha, huipaka cheni tone la mafuta. Ni dakika tano. Chai bado haijapoa.

Wazee wetu wa pwani wana neno la kisheria kwa mali ya namna hii: wakfu. Shamba likiwekwa wakfu, minazi haiuzwi. Nazi ndizo zinazoliwa, mwaka hadi mwaka, na kizazi hadi kizazi. Nimeitazama baiskeli kwa jicho hilo. Cheni itakwisha, raba zitakwisha, tairi zitakwisha, gia zitalika meno. Hizo ni nazi. Fremu ni mnazi. Aliyeiunda aliunganisha mabomba yake kwa soketi na shaba ya manjano iliyoyeyushwa, kwa hiyo hata bomba moja likiharibika siku moja, fundi hodari anaweza kulitoa kwa moto na kutia jingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuchakaa kwa gia si mwisho wa baiskeli.

Ninajua mvuto wa upande wa pili. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na vijana wetu waliona mashine za kaboni zenye bei ya gari. Nawaelewa wanaozitamani. Lakini nawakumbusha alipoanzia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Akiwa kijana alijifunza kwa David Kinjah, mwendeshaji wetu, huko Kikuyu, kwenye kundi la Safari Simbaz, ambapo mtoto hufundishwa kupanda baiskeli na kuitengeneza pia. Mtoto anayejua kwa nini baiskeli yake inaenda haogopi njia inapokuwa ndefu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Fremu nzuri ya chuma iliyonyooka, isiyo na mkunjo wala kutu ya magamba, ni baiskeli bora kwa mkaazi wa pwani kuliko mpya ya bei ile ile iliyoundwa kwa bomba nene na vipuri hafifu. Fedha zako ziweke mahali zinapookoa maisha kwanza: breki, rimu, tairi, kisha gia, urembo uje mwisho. Usinunue kipuri kabla hujapima. Usitumie nguvu kabla hujaelewa hesi inaelekea wapi. Na ukimpata fundi mzee anayejua uzi na barafu, kaa naye barazani, umsikilize, umlipe haki yake, na umpeleke kijana mmoja akajifunze kwake angali hai.